Shemasi Aliyefungua Kanisa

Alikuwa mkali. Naanza na hilo kwa sababu wanaomsifu siku hizi wanaliruka. Wanasema alikuwa mama mpole, mwenye huruma, mtu wa maombi. Mimi nilipanga chumba uani kwake miaka saba, upande wa Nyangoto, huko Nyamongo, Tarime, na huyo mama mpole sikuwahi kukutana naye. Niliyemjua mimi alikuwa akinigongea dirisha asubuhi kuniuliza kama shimo la takataka litajifukia lenyewe.

Kila mtu alimwita Shemasi, hata wasiosali, hata wachimbaji waliotoka Geita na Singida ambao hawakujua ni cheo cha kanisani. Walidhani ndilo jina lake. Mimi nilikuja kutoka Kondoa kufundisha shule ya msingi, na wiki ya kwanza nilimwita Mama Shemasi kwa adabu. Akanikataza.

"Shemasi inatosha, mura," alisema. Mura ndivyo Wakurya wanavyomwita kijana wa kiume, na aliendelea kuniita hivyo hata nilipooa na kupata watoto wawili.

Hakupenda kushukuriwa. Ukimshukuru, alikutafutia kazi. Mke wangu alipojifungua, Shemasi alimpikia uji wa ulezi wiki nzima, na siku nilipokwenda kumwambia asante alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanielekeza lilipo jembe. Nililima matuta manne ya viazi siku hiyo nikiwa nimevaa viatu vya kazini.

Sala zake zilikuwa fupi kiasi cha kutuaibisha. Wazee wa kanisa waliweza kuomba mpaka miguu ikafa ganzi, wakitaja mataifa na viongozi na mvua. Yeye akiombwa afunge ibada alisema, "Baba, unaona. Tusaidie. Amina," na watu wakabaki wameinamisha vichwa wakisubiri iliyobaki. Wengine walipokuwa wamefumba macho, yeye alikuwa amefumbua yake, anaangalia nani hayupo. Mchana wake wa Jumapili aliutumia kuwazungukia wasiokuja. Hakubisha hodi kwa utaratibu. Alisimama mlangoni akauliza, "Unaumwa, au umechoka kutuona?" Ukiwa unaumwa, alivua kanga ya juu akaanza kuchota maji. Ukiwa umechoka kutuona, alikuambia hata yeye amechoka, lakini anakwenda.

Sala ndefu alizisali jikoni, peke yake, kwa sauti ya mtu anayedai. Ukuta wa chumba changu ulipakana na jiko lake na nilisikia yote. "Jambo hili nimekuambia tangu Jumanne," alisema siku moja, huku akisonga ugali. "Yule mtoto bado anaharisha. Unasubiri nini?" Mara ya kwanza nilidhani anagombana na mgeni.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikuweza kumwelewa nalo, na mpaka leo linanisumbua. Alikuwa na ugomvi wa mpaka na jirani yake, Mzee Marwa. Shamba la marehemu mume wake lilipakana na la mzee huyo, na tangu dhahabu ilipoanza kuokotwa kandokando ya kijito, kila hatua ya ardhi ilikuwa na kelele. Mzee Marwa alisogeza mkonge wa mpaka. Shemasi akaurudisha. Kesi ikaenda baraza la kata, ikalala huko. Wakati nahamia uani kwake walikuwa hawajasemeshana kwa miaka mingi. Nilimwuliza inawezekanaje, mtu anayebeba kikombe cha meza ya Bwana.

"Ninamwombea," alisema.

"Unamwombea nini?"

"Aurudishe mkonge."

Sasa kipindupindu.

Kilianzia bondeni, kwenye kambi ya wachimbaji wadogo, mwanzoni mwa mvua. Waliishi chini ya maturubai, mamia ya vijana kutoka kila mkoa, hakuna choo, na maji ya kunywa yalikuwa yaleyale ya kuoshea mchanga. Watatu waliletwa zahanati kwa bodaboda asubuhi moja, katikati ya dereva na mtu wa nyuma wa kuwashikilia. Kesho yake walikuwa wengi kuliko vitanda. Kijijini watu walisema ni ugonjwa wa watu wa kuja, na wakasema hivyo kwa utulivu, kana kwamba wakishaupa mwenyewe utakaa hukohuko bondeni. Wenye nyumba za kupangisha walifunga mageti. Mgahawa ulimwaga chai iliyokuwa jikoni kuliko kumuuzia mchimbaji.

Shule ilifungwa. Na mimi niseme langu: nilifunga begi, nikachukua mke na watoto, nikapanda basi kwenda Mugumu kwa rafiki yangu mwalimu. Nilijiambia ni kwa ajili ya watoto. Nilipokuwa natoka getini Shemasi alikuwa anarudi kutoka zahanati, kanga imeloa mpaka magotini. Aliangalia begi, akasogea kando tupite.

Kwa hiyo siku ile aliyofungua kanisa sikuwapo. Ninayoyajua nimeyapata kwa Athumani, fundi seremala, mtu wa Tanga aliyekuwa na karakana mkabala na kanisa. Naye si mtu wa kuongeza chumvi.

Zahanati ilikuwa imejaa, wagonjwa wamelazwa kwenye baraza na wengine uani juu ya magunia. Alikuwapo nesi mmoja na mganga mmoja, hawajalala. Tayari Shemasi alikuwa amekwenda mara mbili kwa wazee wa kanisa kuomba jengo. Lilikuwa jipya, sakafu imewekwa vigae mwezi uliopita, na askofu alikuwa aje kulizindua. Wazee walimwambia watalijadili. Wakalijadili. Wakaamua yatangazwe maombi ya kufunga siku tatu, waumini wote wakusanyike.

"Mnataka kufunga?" Shemasi aliwauliza. "Wagonjwa wangu wamefunga tayari. Hawana hata maji. Mkitaka kukusanyika, njooni na ndoo."

Siku iliyofuata, mchana, mvua ikanyesha. Iliwanyeshea waliolala uani, na hao hawakuwa na nguvu ya kujikokota hata hatua tatu. Shemasi ndiye aliyetunza funguo za kanisa, kwa kuwa usafi ulikuwa kazi yake. Athumani alimwona anavuka barabara, amejitanda gunia kichwani, akafungua mlango mkubwa, pande zote mbili, akarudi kubeba. Mgonjwa wa kwanza walimbeba yeye na nesi. Wa pili, Athumani alitupa randa chini akaenda kusaidia.

Mwenyekiti wa wazee alifika wakiwa wamembeba mgonjwa wa tano. Alisimama katikati ya mlango na mwavuli wake.

"Shemasi, hii ni nyumba ya Mungu."

"Ndiyo maana nawaleta. Shika huko miguuni."

Hakushika. Alitazama suruali ya mgonjwa, kisha akasogea pembeni ili asichafuke, na kwa kusogea hivyo mlango ukawa wazi. Athumani alisema hapo ndipo alipogundua kuwa hakuna aliyekuwa anauzuia mlango ule siku zote mbili zilizopita ila woga.

Nesi alieleza kwamba mgonjwa wa kipindupindu anahitaji kitanda chenye tundu, na ndoo chini yake. Vitanda hivyo havikuwapo. Shemasi alimwita Athumani nyumbani kwake akamwonyesha milango ya ndani, mitatu, ya mninga, aliyoiacha marehemu mume wake.

"Ing'oe. Toboa hapa, upana wa ndoo."

"Shemasi, milango mizima hii?"

"Fundi, nimekuomba msumeno, sikukuomba ushauri."

Nilirudi siku ya nne. Mke na watoto niliwaacha Mugumu. Natamani niseme nilirudi kwa upendo wa jirani, lakini ilikuwa aibu tu. Rafiki yangu alikuwa ananiuliza habari za Nyangoto kila wakati wa chakula. Nilimkuta Shemasi nyuma ya kanisa, anachochea moto chini ya sufuria kubwa za kina mama wa kwaya, zile za kupikia pilau ya harusi. Nilimwamkia shikamoo.

"Marahaba. Hii nyekundu ni ya matapishi, hii ya bluu ni ya maji ya kunywa. Usichanganye."

Hayo tu. Hakunisema siku hiyo wala baadaye. Ningependa angenisema.

Kazi yenyewe haikuwa na utukufu wowote. Ilikuwa ni kikombe. Kikombe cha maji ya chumvi na sukari, kila baada ya dakika chache, kwa mtu ambaye hataki kunywa kwa sababu akinywa anatapika, na akitapika unaanza upya. Nesi alikuja na dripu kwa waliozidiwa. Wengine wote walitegemea kikombe. Shemasi hakuwabembeleza. "Kunywa," alimwambia kijana wa miraba minne aliyekuwa analia. "Sikukuomba unipende. Nimekuomba unywe." Alipokuwa anawafuta aligeuza uso wake upande, nikadhani ni kinyaa, mpaka siku moja aliponifokea. "Usimkodolee mtu macho akiwa amechafuka. Na yeye anakuona."

Katikati ya wiki iliyofuata akaletwa Mzee Marwa. Ugonjwa wa watu wa kuja ulikuwa umepanda kilima. Aliwekwa juu ya mlango wa chumba cha Shemasi mwenyewe. Shemasi alichukua kikombe, akaenda, akakaa kando yake siku mbili mchana na usiku, akihesabu pumzi zake. Na hakumsemesha. Nasema kweli tupu. Alinigeukia mimi niliyekuwa napita na ndoo.

"Mwambie anywe."

"Mzee, Shemasi anasema unywe."

"Mwambie maji ni ya chumvi sana," Mzee Marwa alisema, kwa sauti ya chini kabisa.

"Mwambie ndivyo yanavyotakiwa."

Nilisimama katikati yao kama karani wa mahakama, nimeshika ndoo nyekundu, na nilitamani kuwapiga wote wawili.

Alipona. Mwezi mmoja baadaye baraza la kata liliamua kesi na kumpa ushindi yeye Mzee Marwa. Jioni hiyo alituma mbuzi kwa Shemasi. Shemasi alimfungua kamba akamrudisha mwenyewe mpaka getini kwa mzee. Nilimwambia imetosha sasa, amsamehe.

"Deni la ugonjwa nimemsamehe," alisema. "Shamba bado. Sikumnywesha maji ili anipe shamba, na sitaki mbuzi kwa ajili ya maji. Shamba ni langu."

Si wote waliopona. Kulikuwa na kijana mmoja ambaye wenzake walimwita Sukuma, kwa sababu alitoka Usukumani, na hakuna aliyejua jina lake jingine. Huko machimboni wengi wanaishi hivyo. Alifika amechelewa, macho yameingia ndani, ngozi ukiivuta hairudi. Shemasi alimwuliza jina lake mara nyingi. Alikufa asubuhi, kichwa kikiwa mapajani mwake, bila kulitaja. Shemasi alikasirika kama alivyokasirika mara chache. "Nimekuuliza mara ngapi," alikuwa anamwambia maiti huku akimfunga kidevu. "Sasa nitamwambia nani?"

Mfukoni mwa kijana kulikuwa na simu ndogo iliyoishiwa chaji. Shemasi aliipeleka kibandani ikachajiwe, akakaa nayo kwenye mfuko wa aproni. Siku ya tatu ikaita. Tulikuwa tunaosha ndoo. Kwenye kioo paliandikwa Mama.

Alifuta mikono, akapokea.

"Mimi si yeye," alisema. "Mimi ni shemasi wa kanisa, huku Tarime. Kaa chini kwanza, mama. Umekaa? Kijana wako ameugua, na amefariki. Tumemzika Jumatano. Sikujua pa kukutafuta."

Upande wa pili nilisikia sauti nyembamba ikiuliza, na nilielewa swali kwa jinsi Shemasi alivyofumba macho. Mama alitaka kujua mwanawe alisema nini mwishoni. Mimi ningedanganya. Mtu yeyote angedanganya. Ningesema alikutaja wewe.

"Aliomba maji," Shemasi alisema. "Tulimpa. Hakuwa peke yake. Mama, nitajie jina lake, taratibu, niandike."

Aliliandika kiganjani kwa kalamu yangu, majina matatu, na mchana huohuo Athumani alilichonga kwenye ubao wa kaburi. Shemasi alishika jembe akaenda kulima mpaka jua likazama, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Hatimaye madaktari walikuja na mahema kutoka makao makuu ya mkoa, maji safi yakaletwa kwa gari, na ugonjwa ukaisha. Wageni walipiga picha mbele ya kanisa pamoja na wazee, mwenyekiti akiwa katikati. Shemasi alikuwa nyuma anamwaga klorini kwenye shimo. Nilikwenda kumwita. Akasema, "Nani atashika hii?" Sikuishika. Nilirudi mbele, na kwenye picha hiyo mimi nipo.

Kina mama wa kwaya walikataa kuzichukua sufuria zao. Walisema zibaki tu, Shemasi, wewe kazitumie. Askofu aliahirisha uzinduzi. Na mwezi uliofuata, baraza la wazee lilimsimamisha Shemasi huduma kwa miezi sita na kumzuia kushiriki meza ya Bwana, kwa kufungua kanisa bila idhini. Nilisimama kanisani nikasema si haki. Nilisema kwa dakika tano, nikaketi, wakaendelea na tangazo la harambee. Mchungaji wetu, aliyekuwa na makanisa matatu na pikipiki moja mbovu, aliniambia baadaye pale nje, "Mwalimu, unafikiri sijui? Wakiondoka hawa wazee nani atabaki?"

Kilichonichosha zaidi ni kwamba yeye mwenyewe hakupigania jambo hilo. Aliyepigana na Mzee Marwa miaka yote ile kwa upana wa mkonge mmoja, hili aliliacha. Kila ushirika ulipofika alihamia benchi la nyuma, mkate ukampita, kikombe kikampita, akabaki ameangalia mbele. Nilimwambia ahamie kanisa jingine, Nyamongo yako mengi. "Na hawa niwaachie nani?" alisema. Nilimwambia hawamstahili. Alinitazama kwa uchovu. "Mura, nani alikuambia ni habari ya kustahili?"

Siku ya kumrejesha, mwenyekiti alimtaka asimame mbele akiri kosa lake. Alisimama. Kanisa lilikuwa limejaa.

"Nilikosa," alisema. "Walikuwa wanakufa pale uani tangu Jumatatu, na funguo zilikuwa kwangu. Nilingoja mnijibu. Nilifungua Jumatano. Siku hizo mbili ni kosa langu, na Bwana anisamehe."

Akaketi. Wazee waliangaliana. Mwenyekiti akasema toba yake imepokelewa.

Kwa muda nilikuwa siwezi hata kupita mbele ya jengo lile. Mwaka uliofuata kambi ya bondeni ikarudi palepale, maturubai yaleyale, maji yaleyale. Shemasi alikuwa anakwenda ofisi ya kijiji kila Alhamisi kuuliza habari za vyoo, na kila Alhamisi anajibiwa viko kwenye mpango. Nilimsindikiza mara nne. Mara ya tano nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Ndivyo nilivyomwambia.

Nilihamishiwa shule moja ya Mugumu, na baadaye nikasikia kwamba magoti yamemshinda, binti yake aliyeolewa Mugumu amekuja kumchukua. Nilipanga kwenda kumsalimia. Nilipanga kwa zaidi ya mwaka.

Tukakutana mwezi wa tatu uliopita. Nilikuwa nawahi kikao cha walimu, nimevaa shati jeupe, nikapitia hospitali kumwona mwalimu mwenzangu aliyeanguka na bodaboda. Kwenye korido ya wodi ya wanaume nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki, fimbo mapajani, beseni miguuni. Alikuwa amekonda. Nilifikiri anaumwa.

"Shikamoo, Shemasi."

"Marahaba, mura. Mikono yako misafi?"

Nilichuchumaa mbele yake. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyatunza. Nilimwambia kwamba kanisa letu kule hatimaye limezinduliwa, kwamba kwenye jiwe la ukutani wameandika majina ya waliohudumu wakati wa ugonjwa, na jina la mwenyekiti ni la kwanza, na lake halipo. Nilimwambia nimemwandikia askofu barua. Sauti yangu ilipanda, mpaka nesi akatoka kutuangalia.

Shemasi alisubiri nimalize, kama anavyosubiri mtu aliyebanwa na kikohozi.

"Kule ndani kuna mzee," alisema. "Kitanda cha ukutani. Ameletwa na watu baki, hana ndugu. Anatakiwa kugeuzwa, la sivyo atachubuka mgongo. Manesi wako wawili kwa wodi nzima. Asubuhi namnawisha, lakini kumgeuza siwezi tena."

"Nina kikao, Shemasi."

"Najua. Umevaa."

Nikaingia. Sitasema niliingia kwa moyo mkunjufu. Niliingia nikiwa na hasira, na yeye, na jiwe lile, na shati langu. Alinifuata kwa fimbo, hatua moja moja, akasimama miguuni pa kitanda akaanza kunielekeza. Mkono mmoja begani, mwingine nyongani. Siyo hivyo, unamburuta. Mwambie kwanza unachofanya, yeye siyo gunia. Nikamwambia mzee kwamba namgeuza. Alikuwa mwepesi mno, na harufu yake ikanijaa kooni, na niligeuza uso upande kama nilivyofundishwa. Tulipomaliza, kifua cha shati langu kilikuwa na doa kubwa la manjano.

Mzee alifumbua macho. Yalikuwa na ukungu, sidhani kama aliniona.

"Ni nani huyu?"

"Mwalimu," Shemasi alisema. "Amekuja kukugeuza."

"Na kesho atakuja?"

Nilimgeukia Shemasi, nikitegemea atamjibu, maana siku zote alikuwa na jibu. Alikuwa anakunja shuka.

"Nitakuja," nikasema.

Akaiweka shuka chini ya mto, akapangusa mikono kwenye kanga, akachukua fimbo yake.

"Basi uje na shati jingine," alisema. "Na hilo beseni kalimwage, nyuma kule kuna shimo."